Kilio cha Betri

Mtoto huyo alikuwa na mama wanane, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemzaa. Alifikishwa Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca katika jimbo la New York, mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa ameazimwa kutoka kwa mashirika yaliyolea watoto wasio na wazazi. Wanafunzi wakamwita Dicky. Ubini wake ukawa Domecon, jina ambalo halikuwa la baba wala babu yeyote. Lilikatwa kutoka jina la Kiingereza la somo walilokuwa wakisoma, uchumi wa nyumbani. Waliokuja baada yake, wa kike kwa wa kiume, waliitwa Domecon vilevile, hata chuo kikawa na ukoo mkubwa wa ndugu wasiojuana na wasio wa damu moja.

Leo ukitaja kujaribu uzazi kabla ya kuzaa, wengi watakumbuka mwanasesere wa plastiki aliye na betri tumboni, yule anayekabidhiwa binti wa shule Ijumaa jioni na kulia saa nane za usiku. Lakini mwanasesere huyo ana mtangulizi wa nyama na damu, na bila kuanza na Dicky si rahisi kuelewa kwa nini Wamarekani walifika mahali pa kutengeneza kilio kiwandani.

Nyuma ya Dicky kulikuwa na wanawake wawili, Martha Van Rensselaer na Flora Rose. Van Rensselaer alianza kazi Cornell mwaka 1900 kwa kuandaa vijitabu vya mafunzo kwa wake za wakulima, vilivyotumwa kwa posta. Rose alikuwa mtaalamu wa lishe. Hoja yao ilikuwa moja na waliishikilia kwa miaka: kazi ya nyumbani ni taaluma, ina kanuni zake kama kilimo au uhandisi, na mwanamke anayeifanya kwa kubahatisha anapoteza nguvu, fedha, na wakati mwingine mtoto. Chuoni wanaume wengi walicheka. Hata hivyo mwaka 1911 wawili hao walipewa uprofesa, na mwaka 1917 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Smith-Hughes iliyotenga fedha za serikali kwa elimu ya ufundi, sayansikimu ikiwemo. Mwaka 1919 kulikuwa na fedha, kulikuwa na walimu, na kulikuwa na nyumba ya mazoezi ambamo wanafunzi waliishi na kuiendesha: kupika, kufua, kupiga hesabu ya matumizi, kupokea wageni. Kilichokosekana kilikuwa mtoto. Nyumba gani hiyo ya kujifunzia umama isiyo na mtoto?

Basi akaazimwa. Wanafunzi wanane waliishi pamoja chini ya msimamizi mmoja, wakipokezana kazi zote za nyumba, na mojawapo ya kazi hizo ilikuwa kuwa mama. Zamu yako ikifika unaamka naye, unamwogesha, unampa chupa, unamtoa juani, unampima uzito na kuandika kila kitu daftarini. Zamu ikiisha unahamia jikoni, na mwenzako anakuwa mama. Saa ya kula ilikuwa saa ya kula na saa ya kulala ilikuwa ya kulala, alie asilie. Huo ndio ulikuwa upepo wa wakati ule. Mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson alitoa kitabu cha malezi kilichouzwa sana, akiwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao ovyo. Asubuhi, kwa ushauri wake, yatosha kumpa mtoto mkono. Ukiyasoma haya ukiwa umekulia mahali ambapo mtoto hutoka mgongoni kwa mama akaingia mgongoni kwa dada, unaweza kudhani ni mzaha. Hawakuwa wakitania.

Baada ya mwaka mmoja hivi mtoto alirudishwa, na hapo akawa tayari kuasiliwa. Watu waliwagombea. Familia zilizotaka kuasili ziliwapenda hasa watoto wa Domecon kwa kuwa walikuwa wamelelewa kisayansi: uzito wao unajulikana wiki hadi wiki, chakula chao kimepimwa kwa gramu. Vyuo vingine vikaiga, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani mtoto wa mazoezi akawa kitu cha kawaida cha chuoni, kama maabara ya kemia.

Ni rahisi kuwalaani walimu wale leo. Mimi sina haraka hiyo. Nyumba za yatima za zama zile zilikuwa mahali ambapo vichanga vilikufa kwa wingi, kwa kuhara, kwa nimonia, kwa kukosa tu mtu wa kuwashika. Mtoto aliyetoka huko akaingia katika nyumba yenye maziwa safi, dirisha linalofunguka na wasichana wanane wanaogombea kumbeba, alikuwa amepata bahati ambayo jirani yake wa kitanda cha pili hakuipata. Kasoro ilikuwa kwingine. Mpango mzima ulipangwa kwa kuangalia anachohitaji mwanafunzi, na hakuna aliyeuliza inakuwaje kwa mtoto anayejifunza uso wa mama Jumatatu na kuambiwa ausahau Jumatatu ijayo.

Aliyeuliza alitoka Uingereza. Mwaka 1951 daktari wa magonjwa ya akili John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliokua bila malezi ya mama. Kiini chake kilikuwa kwamba mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu, wa kudumu, na mtu mmoja, mama au anayeshika nafasi yake, na akiunyimwa huumia kwa namna inayoweza kumfuata ukubwani. Wapo waliombishia Bowlby na wapo wanaombishia mpaka sasa, lakini ripoti ile iliigeuza hewa. Mwaka 1954 katika jimbo la Illinois mkuu wa ustawi wa watoto alihoji kwa nini mtoto wa kiume alikuwa akilelewa kwa zamu na kundi la wanafunzi katika chuo cha ualimu cha Eastern Illinois. Magazeti yakaidaka habari. Chuo kilijitetea kwamba mtoto ananawiri, na huenda alikuwa ananawiri kweli, lakini swali lilikuwa limeshatoka mdomoni na halikurudi.

Cornell iliendelea mpaka 1969. Mwaka huohuo chuo cha sayansikimu kilibadilishwa jina, kikaanza kuitwa chuo cha ikolojia ya binadamu, na ukoo wa Domecon ukakoma. Zimebaki picha: mtoto mnono mwenye kofia, na nyuma yake safu ya wasichana wanaotabasamu. Picha ya mmoja wao, Bobby Domecon, ndiyo iliyomsukuma mwandishi Lisa Grunwald kutunga riwaya aliyoitoa mwaka 2010 kuhusu mvulana aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo.

Mtoto halisi alipoondoka shuleni, nafasi yake ilichukuliwa na yai.

Yai la kuku, bichi. Mwalimu humpa kila mwanafunzi lake, mwanafunzi hulichora macho, hulipa jina, na kwa wiki nzima halitakiwi kuvunjika wala kuachwa peke yake. Walioona yai ni jepesi mno wakahamia kwenye mfuko wa unga wa ngano uliovishwa nguo. Miaka ya 1980 zoezi hili lilienea katika shule za Marekani, na mwandishi wa Uingereza Anne Fine alilitungia riwaya ya watoto, Flour Babies, iliyotoka 1992 na kumpatia Medali ya Carnegie. Lakini lengo lilikuwa limegeuka, na mgeuko huo ndio mzizi wa yote yaliyofuata. Van Rensselaer alitaka wanafunzi wake wajue kulea kwa sababu alitarajia wangelea. Mwalimu wa yai alitaka wanafunzi wake wasizae. Mwaka 1991 kwa kila wasichana 1,000 wa Marekani wenye umri wa miaka 15 hadi 19, watoto 61.8 walizaliwa. Idadi hiyo ilikuwa ikipanda tangu katikati ya miaka ya 1980, wanasiasa wakaifanya ajenda, na shule zikatakiwa zifanye kitu. Kuzungumza wazi juu ya kondomu kulizua ugomvi na wazazi na makanisa. Mfuko wa unga haukumgombanisha mtu na yeyote.

Mwaka 1993 huko San Diego, California, mhandisi wa vyombo vya anga aitwaye Rick Jurmain alikuwa nyumbani, kazi ameipoteza wakati sekta ile ilipokuwa ikipunguza watu. Yeye na mkewe Mary walikuwa na watoto wadogo, yaani usingizi wao ulikuwa wa vipande. Televisheni ikaonyesha vijana wakibeba mifuko ya unga ili wajue uzito wa ulezi. Jurmain akaona ni kichekesho: unga haukuamshi usiku. Mary akamjibu kwamba kama unga haufai, na yeye kazi hana, basi atengeneze kinachofaa.

Akatengeneza. Mwanasesere aliyeuzwa kwa jina la Baby Think It Over alikuwa na uzito na urefu wa kichanga, shingo iliyolegea kama ya kichanga, na ndani kisanduku cha umeme kilicholia kwa nyakati zisizotabirika, mchana na usiku. Hakikuwa na kitufe cha kuzimia. Mwanafunzi alivalishwa bangili isiyovuka mkono bila kukatwa, na kwenye bangili kulikuwa na ufunguo. Mwanasesere akilia, ilimpasa auingize ufunguo mgongoni pake na kuushikilia pale mpaka kilio kiishe, kwa muda unaokaribia ule wa kumlisha au kumbadilisha nepi mtoto wa kweli. Huwezi kumwachia mama, huwezi kumwachia dada, maana ufunguo hautoki mkononi. Na kisanduku kilikuwa na kumbukumbu. Ukimwacha alie, kinaandika. Ukimtupa, kinaandika. Jumatatu mwalimu anafungua na kusoma.

Mtu aliyezoea kukagua mitambo ya ndege huonekana katika kazi hii. Jurmain hakujishughulisha kumfanya mwanasesere apendeze. Alichotaka ni ushahidi. Udhaifu mkubwa wa yai ni kwamba likivunjika unanunua jingine dukani na mwalimu hajui. Mashine yake iliziba mwanya huo. Wanafunzi, kama kawaida yao, walitafuta mwanya mwingine. Kuna waliomzika mwanasesere chini ya mito na kuna waliomfungia kabatini, na kisanduku kikawachongea wote.

Akina Jurmain walihamishia biashara Eau Claire, mji wa Wisconsin, na kampuni baadaye ikaitwa Realityworks. Bidhaa ikaboreshwa mwaka hadi mwaka. Ufunguo ukaachwa, mahali pake pakaja vihisi na bangili ya elektroniki inayotambuliwa na mwanasesere bila kuguswa na waya. Sasa mlezi ilimlazimu akisie mwenyewe kilio hiki ni cha nini: njaa, nepi, gesi tumboni, au kutaka kubebwa tu. Ratiba za kulia zilichukuliwa kutoka kumbukumbu za siku na usiku zilizoandikwa na wazazi halisi, kwa hiyo ukiangukiwa na ratiba ya mtoto msumbufu, umesumbuka. Vihisi viliandika kichwa kilichoachwa kining'inie, mtikiso wa hasira, nguo zisizobadilishwa, hata joto la mahali alipolazwa. Wakatoa wanasesere wa maonyo: mmoja anayetetemeka kama kichanga cha mama aliyetumia dawa za kulevya, mwingine mwenye sura ya mtoto aliyeathiriwa na pombe tangu tumboni. Shule zilinunua kwa mamia ya dola kila mmoja, Marekani kwanza, kisha Kanada, Uingereza, Australia na kwingineko. Televisheni nayo haikubaki nyuma: mwaka 2007 BBC, na mwaka uliofuata NBC ya Marekani, zilirusha kipindi ambamo vijana walikabidhiwa vichanga halisi vya watu kwa siku kadhaa mbele ya kamera. Wataalamu wa watoto walipinga kwa hoja zilezile zilizomtetea mtoto wa Illinois mwaka 1954.

Swali la kama mwanasesere anazuia mimba liliulizwa mapema, lakini kwa namna dhaifu. Tafiti nyingi ziliwauliza wasichana kabla na baada: unadhani kulea ni kugumu? Unataka mtoto lini? Wengi walirudi Jumatatu na macho mekundu, wakasema ni kugumu, walimu wakaridhika. Mwaka 2000 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya wasichana wadogo wa Colorado ambao wiki ya mwanasesere haikuwabadilisha mawazo kuhusu kuzaa mapema. Hayo hayakupunguza mauzo. Kilichohitajika ni mtu wa kuwafuatilia wasichana wenyewe, miaka si siku, na kuhesabu waliozaa.

Kazi hiyo ilifanyika Perth, Australia Magharibi, chini ya mtafiti Sally Brinkman wa Taasisi ya Telethon Kids. Kati ya 2003 na 2006 shule 57 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika upande mmoja, wasichana 1,267 wenye miaka 13 hadi 15 walipitia mpango wa siku sita: vipindi vya afya na wauguzi wa shule, hesabu za gharama za mtoto, video za mama wadogo wakisimulia maisha yao, na mwisho wa juma wote na mwanasesere, kutoka Ijumaa baada ya masomo hadi Jumatatu asubuhi. Upande wa pili wasichana 1,567 waliendelea na masomo ya kawaida ya afya. Kisha watafiti wakasubiri. Hawakuwauliza wasichana chochote; walisoma kumbukumbu za hospitali na za utoaji mimba mpaka kila msichana alipofikisha miaka 20.

Matokeo yalitoka katika The Lancet mwezi Agosti 2016. Miongoni mwa waliolala na mwanasesere, 97 walikuwa wamezaa, sawa na asilimia 8. Miongoni mwa wasiomgusa, 67, asilimia 4. Waliotoa mimba walikuwa asilimia 9 dhidi ya asilimia 6. Ukijumlisha mimba zote, kundi la mwanasesere lilikuwa na asilimia 17 na lile jingine 11. Kwa maneno mafupi, chanjo ilileta homa.

Kampuni ilipinga. Ilisema mpango wa Perth haukuwa mtaala wake wenyewe, umetengenezwa kienyeji kwa kuazima mwanasesere tu. Hoja hiyo ina uzito kidogo, ingawa ni vigumu kuona kitu gani katika mtaala halisi kingegeuza ongezeko likawa upungufu. Wengine waligusia kwamba si kila msichana aliyealikwa alishiriki. Hilo nalo ni kweli. Lakini hata mtu akipunguza awezavyo, hakuna namna ya kuzisoma takwimu zile akakuta mwanasesere amezuia mimba. Na jambo jingine ambalo nalishangaa zaidi kuliko asilimia zote: mpango ulikuwa wa wasichana peke yao. Wavulana wa Perth walilala usingizi wao mnono wikiendi nzima.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Brinkman aliwaeleza waandishi kwamba baadhi ya wasichana waliifurahia shughuli ile na macho ya watu iliyowaletea. Hebu fikiria binti wa miaka 14, nyumbani hakuna anayemuuliza ameshindaje. Ijumaa anaingia na kitoto. Mama anaacha simu, anamwonyesha namna ya kushika shingo. Bibi anakumbuka alivyomlea mama. Mtaani anasimamishwa, dukani watu wanampisha. Anaamka usiku mara tatu, anachoka, lakini Jumatatu mashine inasoma kwamba amefanya vizuri, mwalimu anamsifu. Kati ya kuchoka na kusifiwa, kipi atakikumbuka akifika miaka 17?

Msomaji wa Afrika Mashariki angeweza kuwaambia jambo hili kabla ya fedha kutumika. Mashine ya Jurmain ilikuwa na imani ya siri ndani yake, kwamba msichana hupata mimba kwa sababu hajui mtoto anavyosumbua. Imani hiyo inawezekana tu katika jamii ambamo mtu anafikisha miaka 15 hajawahi kushika kichanga. Huku kwetu mabinti wengi wamebeba wadogo zao tangu wakiwa wadogo wenyewe. Kilio cha usiku wanakijua, nepi wamezifua. Na bado utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wenye miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Ujuzi wa kulea wanao tele. Vinavyowapungukia vinajulikana: shule inayofika mwisho, nauli, njia za uzazi wa mpango, nguvu ya kusema hapana mbele ya mwanamume mwenye fedha. Hakuna kihisi cha kupima hayo. Hata Marekani, kiwango cha mwaka 1991 kilishuka kwa robo tatu hivi, hadi 15.4 kwa kila 1,000 mwaka 2020, na watafiti wanaotafuta sababu hutaja kwanza matumizi bora ya njia za kuzuia mimba.

Tena wapo watu wa hapa ambao wangecheka kwa sababu nyingine kabisa. Wazaramo, na majirani zao Wakwere, Wakutu, Wadoe na Waluguru, wana mwana hiti: kipande cha mti kilichochongwa, kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja, kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, matiti mawili, kitovu, na kichwa chenye nywele zilizosimama kama vilele viwili. Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Finland aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwali aliyevunja ungo alipowekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtengeneza nywele, akamtunza asianguke, kwa kuwa kumwangusha kulihofiwa kungeharibu uzazi. Mahali penye uhaba wa mchongaji, hata kibuyu au gunzi la mahindi lilishika nafasi hiyo.

Mwana hiti halii. Hana kumbukumbu wala bangili. Kungwi aliyemkabidhi hakutaka mwali aogope kuzaa. Alitaka uzazi umjie, ukipita mikononi mwake mwenyewe kila siku alipokuwa akimpaka mafuta yule wa mti. Ungemwambia kungwi huyo kwamba kuna watu wanawapa wasichana wa miaka 14 mtoto wa bandia wamlee, wamlishe, walale naye, jamaa wote wakimzunguka na kushangilia, kisha wanategemea wasichana hao wasizae, angekuuliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Bandia hufundisha mikono. Hilo limejulikana tangu Ufaransa ya karne ya 18, pale mkunga Angélique du Coudray, kwa idhini ya Mfalme Louis XV aliyoipata mwaka 1759, alipozunguka mikoani na mwili wa mwanamke uliotengenezwa kwa kitambaa na ngozi pamoja na kichanga chake, akiwafundisha maelfu ya wanawake wa vijijini namna ya kuzalisha. Mmoja wa wanasesere wake bado yupo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Mwaka 1911 Martha Chase wa Pawtucket, Rhode Island, mtengenezaji wa midoli ya watoto, alitengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu mzima kwa ajili ya shule ya wauguzi ya Hartford, na baadaye vichanga vya kujifunzia. Hakuna aliyewataka wamwogopeshe mtu.

Wa karibu zaidi na sisi anaitwa NeoNatalie, kazi ya Laerdal, kampuni ya Norway ambayo mwaka 1960 ilitengeneza mwanasesere wa kufundishia kuokoa mtu aliyeacha kupumua. NeoNatalie ni mfuko wa plastiki wenye umbo la kichanga unaojazwa maji ya uvuguvugu mpaka uzito na ulegevu wake uwe wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi na hajapumua. Mkunga anajifunza kumkausha, kumsugua mgongo, na asipopumua, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyajaribu mafunzo hayo, na matokeo ya hospitali nane yaliyochapishwa mwaka 2013, mtafiti mkuu akiwa Georgina Msemo wa Wizara ya Afya, yalionyesha vifo vya vichanga katika saa 24 za kwanza vimeshuka kwa asilimia 47.

Hata hapo, hadithi ya Hospitali ya Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, inapaswa kusomwa na kila anayenunua mwanasesere. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa tena kwa mwanasesere walikuwa mahodari. Watafiti walipokaa wodini kutazama watoto halisi wakizaliwa, hawakuona tofauti ya maana: mikono iliyojua plastiki haikuhamia kwenye nyama. Hospitali ikabadilisha utaratibu. Mwanasesere akaletwa wodini kwenye chumba cha kujifungulia, na zoezi likawa la dakika tatu hadi tano, kila wiki, likirudiwa katikati ya kazi. Ndipo vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2.

Realityworks bado iko Eau Claire, na bado inauza vichanga. Siku hizi huwanadi zaidi kwa madarasa ya malezi na ya kazi za kutunza watoto: namna ya kushika shingo, kulisha, kuwatambua waliotikiswa. Van Rensselaer angeielewa orodha hiyo mara moja, na bila shaka angeuliza wamepima uzito wa mwanasesere mara ngapi kwa wiki.